Sura ya Tisa: Sigara Pale Jakuzi

Ukitaka kujua mwanamume anakupenda kiasi gani, usimwulize chumbani. Chumbani wote ni malaika. Mwulize ukumbini, watu wamejaa mpaka mlangoni, yeye amekaa meza kuu na bosi wake yuko ubavuni. Hapo ndipo utajua kama ulipewa moyo au uliazimwa.

Mimi nilimwuliza Kel Mulholland namna hiyo, jioni moja ya baridi, katika ukumbi wa klabu ya bolingi pale Muswellbrook, mji wetu wa makaa ya mawe huku Australia. Na wallahi sikukusudia kumwuliza yeye.

Mimi na Kel tulikuwa na sheria yetu. Mabuti ya kazi yanavuliwa kibarazani, na kazi yenyewe inabaki humo humo ndani ya mabuti. Tulikuwa tunafanya kazi mgodi mmoja, Corrigal: mimi nikiendesha yale malori makubwa ambayo gurudumu lake moja ni refu kuliko mlango wa kanisa, yeye akiwa msimamizi wa usalama wa shimo hilo hilo ninaloshukia. Ndoa yake ya kwanza ilikufa kwa kuzungumza kazi mezani. Yangu ilikufa kwa kutozungumza chochote, mpaka siku mume wangu alipoondoka na karavani letu, ile nyumba ya magurudumu, jirani yetu wa kike akiwa amekaa kiti cha mbele. Kwa hiyo tulipopendana, watu wazima wenye makovu, tukakubaliana: nyumbani ni raga, ni bustani, ni harusi ya Septemba, na mengine yale ambayo hayahitaji maneno.

Sheria nzuri. Ndiyo iliyotuponza.

Kwa sababu ya sheria hiyo sikumwambia kwamba jioni ile mimi na wenzangu tungesimama mbele ya watu tuiseme kampuni. Na kwa sababu ya sheria hiyo hiyo, asubuhi yake alipoomba nimpigie pasi shati la bluu, akasema tu ana shughuli jioni, sikuuliza shughuli gani. Nami nilikuwa na yangu.

Mlangoni nilimkuta Ngaire Tamihana, mlipua baruti wetu, mwanamke wa Kimaori mwenye sauti ya ngoma na moyo wa chuma. Mkononi ana sahani.

"Bron, umekula?"

"Tumbo limegoma."

"Chukua roli ya soseji. Ni za kampuni. Tuwaseme tukiwa tumeshiba."

Nikachukua moja, soseji iliyofungwa kwenye unga wa kuoka. "Wenzetu wako wapi?"

"Stavros mgongo umemshika ghafla. Yule mwingine, mtoto wake ana homa."

"Mbona hana mtoto?"

"Ndiyo maana homa yenyewe ni kali." Akatafuna taratibu. "Tumebaki wawili, shosti. Unarudi nyumbani?"

Nilitaka kurudi. Nisikudanganye. Nilifikiria blanketi, nikafikiria mabega ya Kel, nikafikiria jinsi anavyoniwekea chai upande wangu wa kitanda kabla sijaamka. Halafu nikafikiria kile kiangazi anga ilipogeuka rangi ya chungwa kwa moto wa misitu, tukaendesha malori adhuhuri taa zikiwaka kama usiku, na Ngaire akakohoa damu kwenye leso akaificha.

"Sirudi," nikasema.

"Kel anasemaje?"

"Kel hajui. Ana shughuli zake mbali na hapa."

Ngaire akaacha kutafuna. Akanyoosha kidevu kuelekea mbele ya ukumbi. "Basi yule pale ni pacha wake."

Nikageuka.

Meza kuu ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani. Katikati amekaa Grantley Voss, meneja wa mgodi, meno yote nje. Kulia kwake amekaa Kel wangu, ndani ya shati la bluu nililolinyoosha kwa mikono yangu hii. Roli ya soseji ikanikwama kooni.

Naye akaniona. Jamani, yale macho. Kel ana macho ya rangi ya mvua inayokuja, na yanapokuangalia unahisi umeletewa koti. Yalinitafuta juu ya vichwa vya watu, yakanipata, yakang'aa. Alidhani nimekuja kwa ajili yake! Alidhani mpenzi wake amesikia mahali fulani kwamba leo amepewa kiti cha heshima, amekuja kumpa nguvu.

Akanikonyeza.

Sijui kama umewahi kukonyezwa na mtu unayekwenda kumchoma kisu. Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokigusa. Balaa halina hodi: kiti hicho kilikuwa karibu na Maureen, mama yake.

Maureen Mulholland hakuja kwa ajili ya mgodi. Alikuja kwa ajili ya bahati nasibu ya sinia la nyama, ambayo klabu ile haijawahi kuiahirisha kwa vita wala mafuriko. Tiketi zake alizichomeka kifuani kama medali.

"Aa, mpenzi," akasema. Anaponiita mpenzi, jua kisu kimeshanolewa. "Umekuja kumsikiliza Kelvin. Sikudhani una hamu na mambo ya maana."

"Sikujua kama atakuwepo, Maureen."

"Hakukwambia? Mimi aliniambia tangu Jumapili. Binti wa mwenye duka la dawa naye yuko pale nyuma, umemwona? Kanyoosha nywele. Hajaolewa bado, masikini."

"Bado hajampata mwenye bahati mbaya," nikasema.

Grantley akapiga kipaza sauti kwa kidole. Akatueleza jinsi Corrigal itakavyochimba mpaka wajukuu zetu wastaafu. Akasema shimo jipya la kaskazini litakuwa safi kuliko mashimo yote bondeni, kwamba makaa yake karibu hayana gesi kabisa, na kwamba anayejali hali ya hewa ya dunia anapaswa kulala usingizi mnono akijua makaa yake yametoka kwetu. Watu wakapiga makofi. Wengi walikuwa na mtoto, au mume, au rehani ya nyumba kule mgodini.

Shimo la kaskazini ndilo hilo ninaloshuka mimi kila zamu. Maji yaliyojaa kwenye mashimo ya kuchoronga yanachemka mchana na usiku bila moto. Blubu blubu blubu, kama chungu cha maharage. Siku ya kwanza jamaa mmoja tunayemwita Kidogo, kwa sababu ni jitu la kutisha, alivua buti akataka kutumbukiza miguu. "Jakuzi ya bure!" akapiga kelele, kama yale mabafu ya mapovu ya hotelini. Tukacheka mpaka tukashika mbavu, na jina likabaki. Jakuzi. Mtu wa nje halijui. Sisi tunalitaja kila siku.

Ngaire ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akauliza, akasoma, akatuambia ile ni methani, gesi inayoipasha dunia joto kuliko huo moshi ambao kila mtu anatulaumu nao. Na kampuni inaiambia serikali kwamba haipo. Tulilisema ndani. Tukalisema tena. Kila tuliposema, waliandaa chai na keki kutupongeza kwa ujasiri wa kusema. Keki nzuri tu, ya karoti. Jakuzi ikaendelea kuchemka.

"Kuna swali?" Grantley akauliza.

Nilisimama. Sijui nani alinisimamisha, maana miguu haikuwa yangu.

"Naitwa Bron Trevaskis. Naendesha lori Corrigal, mwaka wa kumi na moja huu."

Nilimwona Kel anatabasamu. Tabasamu la fahari. Nikaangalia ukutani, kwenye picha ya Mfalme, ili niweze kuendelea.

"Bwana Grantley, umesema shimo la kaskazini halina gesi. Mimi nashuka shimo hilo. Maji yanachemka kwa gesi. Tumewaambia ofisini, mkatulisha keki. Sasa tunawaambia majirani zetu, kwa sababu anga ni yao pia. Moto ule, mafuriko yale ya Machi, hayakuuliza nani anafanya kazi wapi."

Ngaire akasimama kando yangu. "Mimi ndiye ninayelipua pale. Anachosema ni kweli tupu."

Watu wakageukiana. Kisha kutoka nyuma sauti moja ikapasua:

"Wachongezi!"

Sasa hapo ujue nimetukanwa. Kwetu sisi mtu anaweza kusamehewa wizi wa kondoo, akasamehewa hata kumkimbia bibi harusi kanisani, lakini mchongezi hasamehewi. Watoto wa chekechea wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Masikio yalinipata moto.

"Mchongezi humchongea mwenzake," nikajibu. "Kampuni siyo mwenzangu. Haijawahi kuninunulia hata bia."

"Roli ya soseji umekula!" akajibu mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi nusura nicheke. Maureen hakucheka. Alikuwa amenikodolea macho kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la vyombo.

Grantley akangoja kicheko kipungue. Ana sauti laini, kama ya daktari anayekuja na habari mbaya za mtu mwingine.

"Asante sana, Bronwyn. Tunathamini kila sauti. Kwa bahati nzuri tunaye hapa mtu anayelijua shimo lile kuliko sisi wote. Kel, ndugu yangu, wewe ndiye unayekagua usalama pale. Je, umewahi kuona mashimo yanayochemka?"

Basi nikageuka nikamtazama. Ikabidi.

Tabasamu lilikuwa bado usoni kwake, lakini limekufa, kama taa iliyosahauliwa mchana. Alinitazama. Mimi nikamtazama. Katika mtazamo ule niliona kila kitu: kibaraza chetu, chai ya asubuhi, Septemba. Nikaona ameona, nikaona anapiga hesabu ya moyo. Nikamwambia kwa macho: Kel, sema. Sema tu. Tutakula viazi, haidhuru.

Akayaondoa macho yake. Akaangalia kitambaa cha kijani.

"Hapana," akasema kwenye kipaza sauti. "Sijaona mashimo yanayochemka."

Nilishawahi kupigwa na maisha, sikatai. Niliamka siku moja nikakuta karavani halipo uani, zimebaki alama za magurudumu na kigingi kimoja. Lakini siku hiyo sikupigwa machoni pa watu. Nilihisi damu inanishuka kutoka kichwani, inapita shingoni, kifuani, inamwagika chini ya sakafu ya klabu ile. Masikio yakavuma. Nilimsikia Ngaire kwa mbali akisema, "Loo! Loo, Kel!" Nikasikia Maureen akishusha pumzi ya raha.

Na huenda mambo yangeishia hapo, mimi nikaitwa mwongo mpaka kaburini, kama si Kidogo.

Kidogo anampenda Kel kama kaka. Akaona rafiki yake anasumbuliwa na wanawake wawili, akainuka kumtetea. Alipoinuka, taa zikafunikwa.

"Waongo hawa!" akanguruma. "Gesi gani? Mimi kila mapumziko ya chai nakaa pale pale juu ya hayo mashimo, sigara mdomoni, nimetulia zangu. Kungekuwa na gesi si ningekuwa nimeshafika Sydney kwa njia ya anga?"

Watu wakacheka, wakapiga meza. Lakini meza kuu kiti kikaanguka kwa kishindo.

Kel alikuwa amesimama. Uso umegeuka mweupe kama unga.

"Nani alikuruhusu uwashe sigara pale Jakuzi?"

Kidogo akabaki mdomo wazi. "Kel, mimi nilikuwa tu..."

"Nimezungushia kamba! Nimeweka kibao! Kila asubuhi kabla ya zamu nawaambieni, hata simu isiwashwe pale Jakuzi, hata simu! Nawe unakaa juu yake na sigara? Unataka kuwaua wenzako wote, mpumbavu wewe? Unataka niende nyumba kwa nyumba kuwaambia wake zao?"

Hapo akasikia alichosema mwenyewe. Niliona maneno yakimrudia moja moja, kama mtu anayeangalia glasi alizoziangusha zikiendelea kuvunjika.

Hakuna aliyecheka sasa. Friji ya bia ilikuwa inanguruma kwenye kona, hicho tu ndicho kilichosikika. Na katika ukimya ule, kando yangu, sauti ya mama yake mzazi ikauliza kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Kelvin, jakuzi gani tena?"

Grantley alikuwa wa kwanza kupata fahamu. "Mabibi na mabwana, tupumzike kidogo! Nadhani ni wakati wa sinia la nyama!"

Nikatoka nje.

Baridi ya maegesho ilinikamata usoni, nikaishukuru. Nilifika karibu na gari langu bakuli (ndivyo Kel anavyoliita, kwa vile limebonyea katikati) nikasikia hatua nyuma yangu. Ninazijua hatua zake. Nazijua hata zikiwa na soksi.

"Bron!"

"Usinisogelee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Si sheria yetu! Kazi inabaki..."

"Ndiyo, kazi inabaki nje. Mimi pia umeniacha nje, Kel. Umenikana."

"Nilikuwa na sekunde moja tu ya kufikiri."

"Hata Petro alikuwa na sekunde moja. Ila yeye hakumkonyeza mtu kwanza."

Akafunika uso kwa viganja. Mvuke ulimtoka puani. Mikono ile naijua ilivyo mizito na ilivyo myepesi, na mwili wangu, usio na aibu, ulitaka kwenda kuishika. Ndipo nikasema jambo la kijinga. Nilimfungulia mlango wa msamaha.

"Angalau mwishoni umesema," nikanong'ona. "Umeona wananiita mwongo, ukashindwa kuvumilia. Si ndiyo? Niambie ni ndiyo."

Mwanamume mwingine angeupita mlango ule mbio, akanikumbatia, na ningemwamini mpaka leo. Kel hakuupita. Akashusha mikono.

"Hapana, Bron."

"Hapana nini?"

"Sikusema kwa ajili yako. Niliteleza. Nilimwona Kidogo kichwani mwangu, anawaka moto, na mdomo ukanitoka. Asingetaja sigara, ningekaa kimya. Ningekaa kimya mpaka watu waende nyumbani." Akanitazama. "Siwezi kukudanganya mara mbili katika jioni moja."

Nilimpiga kofi. Mkono wangu ndio uliotangulia, akili ilifuata baadaye. Tukabaki tunatazamana, sote wawili tumeshtuka, sauti ya kofi ikiwa bado hewani.

"Vizuri sana!" Ilikuwa sauti ya Maureen. Anakuja kati ya magari, kwapani ana sinia la nyama lililofungwa nailoni. Alikuwa ameshinda. "Kwanza umuaibishe, halafu umpige. Nilikwambia, Kelvin. Mwanamke aliyeshindwa kumchunga mume wa kwanza, wa pili atamchunga na nini? Na lori?"

"Mama, nenda kwenye gari."

"Siendi! Nyumba yetu yote imeshiba kwa makaa, tangu babu yako. Wewe mpenzi, umekuja juzi tu kwenye meza yetu, leo unataka kutupindulia sufuria?"

"Maureen, sufuria lenyewe linachemka," nikasema. "Ndilo ninalolisema."

Kabla hajapata jibu, Grantley akatokea, mikono mifukoni, anatembea kama mtu aliyetoka kutazama nyota.

"Kel, ndugu yangu. Hakuna lililoharibika. Jakuzi ni pale tunapooshea malori. Si ndiyo? Maji, mapovu, sabuni. Unaingia, unasema hivyo kwa ule utani wako, watu wanacheka, tunakula keki." Akanigeukia. "Na Bronwyn amechoka tu. Tutampa likizo. Septemba si mna harusi? Nami nimealikwa, sijasahau."

Jinsi alivyolipanga jambo! Nilishikwa na hofu kwa sababu lilikuwa jepesi. Na Kel anajua kuchekesha watu. Ndicho kilichoniingiza kwake, ule mdomo wake. Mapovu na sabuni, angeweza kuwafanya watu walie kwa kicheko.

Kel akanitazama. Shavu lake lilikuwa limeanza kuwa jekundu pale nilipompiga. "Unasemaje, Bron?"

Ulimi ulinijaa maneno. Usiende. Niokoe. Njoo twende nyumbani.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi yangu nimeshasema, na sikuazima kinywa chako."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani na Grantley, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Tulibaki sisi wawili, mimi na mama mkwe ambaye pengine hatakuwa mama mkwe, tukiwa tumejibanza chini ya dirisha lenye ukungu kama watoto wanaosikiliza ugomvi wa wazazi. Hakuna aliyemwambia mwenzake asogee.

"Jamani," sauti ya Kel ikatoka kwenye spika, "kuhusu hiyo Jakuzi." Watu wakaanza kucheka kabla hajasema lolote. Wanamjua. "Grantley ameniambia niwaeleze kwamba ni pale tunapooshea malori. Kuna sabuni, mapovu, na Kidogo anasuguliwa mgongo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye nyayo. Maureen akanong'ona, "Asante Mungu."

"Hilo ndilo nililoambiwa niseme," Kel akaendelea, na sauti ikabadilika. "Sasa nasema lililopo. Jakuzi ni shimo la kaskazini. Linachemka kwa gesi, na kamba naifunga mimi. Mliniuliza kama nimeliona, nikasema sijaliona. Nilidanganya. Bron Trevaskis hakudanganya, Ngaire Tamihana hakudanganya. Mimi ndiye. Tena nilidanganya baada ya kumtazama Bron machoni."

Nilishika ukingo wa dirisha. Kipaza sauti kikalia, mtu anajaribu kukichukua.

Ukidhani watu walipiga makofi, basi hujawahi kuishi mji wa mgodi. Hakuna aliyepiga hata kidole. Kiti kimoja kikaburuzwa, kisha kingine. Sauti ya mzee mmoja ikauliza, bila hasira, kwa uchovu tu, "Na kazi za watoto wetu je, Kel?"

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Sijui," Kel akasema. "Hilo sina jibu lake, na kuwadanganya leo basi. Sijui."

Maureen alinigeukia. Nilidhani atanirukia. Akanitazama kwa muda mrefu, midomo imebana, kisha akanisukumia sinia la nyama kifuani, kwa nguvu, mpaka nikarudi nyuma hatua.

"Mwambie kuna chopsi za kondoo humo. Mimi hamu imeniisha." Akaelekea kwenye gari lake. Akasimama, bila kugeuka. "Na uweke kitu cha baridi kwenye lile shavu. Una mkono wa mwanamume, mpenzi."

Akaondoka. Sikujua nimetukanwa au nimepewa kazi ya familia.

Kel alitoka peke yake. Alikuwa amevua kile kitambulisho cha shingoni, na mikono yake ilining'inia kama haijui ikae wapi.

"Wamechukua funguo za pikapu," akasema. Pikapu ni ya kampuni.

"Nilitarajia."

"Mama?"

"Ameondoka. Amekuachia nyama."

Kitu kama kicheko kikamtoka, kikakatika njiani. "Bron, sikutarajii uni..."

"Usiseme kitu, Kel. Umeshasema ya kutosha kwa mtu mmoja. Baridi hii itakuua kabla Grantley hajakuua. Panda gari."

Akazunguka upande wa mbele, kama ilivyo desturi. Kwetu hata ukipanda teksi na mtu usiyemjua, unakaa mbele kando yake; nyuma wanakaa watoto, mbwa, na watu waliokamatwa na polisi. Akafungua mlango, akakuta kiti kimekaliwa. Shanty, mbwa wangu, aliyekuwa akinisubiri humo tangu jioni, alimtazama kwa heshima wala hakusogea.

Kel akanitazama juu ya paa la gari. "Nimsogeze?"

"Huyo hajanikana leo," nikasema. "Wewe kaa nyuma."

Akasimama pale, mwanamume mzima mwenye mabega kama mlango, msimamizi wa usalama wa zamani. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akajikunja, akaingia juu ya blanketi lenye manyoya ya mbwa, magoti yamemfika kidevuni. Nikampitishia sinia la nyama.

"Weka hiyo kwenye shavu."

"Nyama ya mama?"

"Ni ya baridi."

Akaiweka, pamoja na nailoni yake. Nikawasha gari. Tukapita mbele ya mlango wa klabu, watu wametoka wanatutazama, wengine wakitikisa vichwa, Ngaire peke yake akiwa amenyoosha ngumi juu na mdomo umejaa soseji. Tulipofika barabara kuu Kel akakohoa.

"Bron. Septemba?"

Moyo wangu ulikuwa umepigwa mara nyingi mno jioni moja, ulikuwa unazunguka kama kuku aliyegongwa. Nilitazama mbele, kwenye giza changa na taa za mgodi kule mlimani, na kwa mkono wa kushoto nikakishika kioo cha ndani, nikakiinamisha polepole. Barabara ya nyuma ikapotea. Badala yake yakaja macho mawili ya rangi ya mvua, na chopsi ya kondoo.

Nikaendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani.